Nikisimama Wapi, Naona Nini? Kuielewa Sanaa Inayofungamana na Mahali

Februari 2024, sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ilipozinduliwa katika makao makuu ya Umoja wa Afrika jijini Addis Ababa, Watanzania wengi waliitazama picha yake kwenye simu zao na kuuliza jambo moja: mbona hafanani? Agosti ya mwaka huohuo, Eldoret ilipokuwa ikijiandaa kupandishwa hadhi kuwa jiji, sanamu za wanariadha zilizosimamishwa mjini humo zilikosolewa vikali mitandaoni kwa sababu hiyohiyo, na hazikukaa sana kabla ya kuondolewa. Swali la kufanana ni la haki. Anayepewa kazi ya kuunda sura ya mtu anayejulikana na mamilioni ana deni la sura hiyo, na watu wana haki ya kumdai.

Tatizo huanza pale swali hilo moja linapogeuzwa kuwa mizani ya kupimia kila kitu kinachosimamishwa hadharani. Picha ya nguzo za chuma zilizochomekwa katika nyasi za Afrika Kusini inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, au ya mabomba manne ya zege yaliyolazwa jangwani Marekani, anayeipokea huuliza vilevile: hiki nacho kinafanana na nini? Akikosa jibu, huhitimisha kwamba ama msanii hajui kazi yake, ama wanaoisifu wanajifanya. Nimesikia hitimisho hilo mara nyingi, na kila mara nimehisi kwamba msemaji hakukosea kufikiri. Alipewa tu swali lisiloifaa kazi iliyo mbele yake. Ipo sanaa ambayo huulizwa swali jingine kabisa: nikisimama wapi, naona nini, na kwa nini iwe hapa?

Kabla ya kwenda mbali, tuyaweke maneno sawa. Sanaa ya hadharani ni kazi yoyote ya sanaa iliyowekwa mahali ambapo mtu anaifikia bila tiketi wala mwaliko, iwe kando ya barabara, kwenye uwanja wa mji au katika ukuta wa soko. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni sanaa ya hadharani. Ndani ya kundi hilo kubwa kuna tawi linaloitwa sanaa inayofungamana na mahali, yaani kazi iliyobuniwa kwa ajili ya eneo moja tu, kwa kuzingatia mwanga wake, ardhi yake, historia yake na watu wanaolipita, kiasi kwamba eneo lenyewe ni sehemu ya kazi. Kipimo chake ni chepesi: ihamishe kwa fikra, uone kitakachobaki. Ukimchukua yule askari wa shaba na kumpeleka Tabora, atakuwa amepoteza mengi, lakini bado atabaki askari mwenye bunduki, na mpita njia wa Tabora atamtambua. Zipo kazi ambazo ukizihamisha hakibaki chochote isipokuwa chuma na zege.

Neno la pili linalohitaji kufafanuliwa ni kuona. Kiswahili chetu kimetusaidia sana hapa, kwa sababu hakikuchanganya kuona na kutazama. Kuona humtokea mtu, bali kutazama ni kazi anayoifanya. Mtu huona asichokitazama, kama vile bodaboda inayompita kwa pembeni, na aghalabu hutazama asione, kama anayetafuta miwani iliyo mezani mbele yake. Sanaa ninayoieleza hapa hufanya kazi katika nafasi iliyo kati ya vitenzi hivyo viwili. Humfanya mtu aliyekuwa akiona tu aanze kutazama, na anayetazama ajiulize anaonaje.

Hilo si geni kwetu hata kidogo. Jina la kanga husomwa na anayemfuata aliyeivaa, wala si na mvaaji mwenyewe. Aliyeibuni alijua msomaji atakuwa amesimama wapi. Pembe za Ndovu za Mombasa, zile zinazopita juu ya Barabara ya Moi, zinapendwa kwa sababu zikikutana huchora herufi M. Lakini herufi hiyo ni ya yule aliye barabarani, akizielekea. Aliyesimama ubavuni, mlangoni mwa duka, anaona mikunjo ya alumini inayopishana, na asipoambiwa anaweza kuishi miaka mingi bila kuisoma M yoyote.

Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni wa shamba la mkonge. Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Segera kwenda Tanga, au kutoka Mombasa kwenda Kilifi kupitia Vipingo, anaijua hali hii hata kama hajawahi kuitolea maneno. Kwa dirishani mkonge unaonekana kama kundi tu la majani yenye ncha, halina mpango. Ghafla mistari inajipanga, njia nyembamba iliyonyooka inafunguka kutoka barabarani hadi mwisho wa shamba, na kabla hujamwonyesha jirani yako imeshafungika, nyingine inafunguka mbele yake. Mkonge haukusogea. Mistari ilikuwapo wakati wote, tangu siku ilipopandwa kwa kamba na kipimo, ila ilikuwa inalingoja jicho lifike mahali pake.

Sasa twende Howick, katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Tarehe 5 Agosti 1962, katika barabara itokayo Durban kuelekea Johannesburg, polisi walilisimamisha gari lililokuwa na wanaume wawili, mmoja Mzungu na mmoja Mwafrika aliyevaa kama dereva wake. Yule dereva alikuwa Nelson Mandela. Kwa miezi mingi alikuwa akitafutwa, na alikuwa ametoka tu katika safari ya siri ya kuzunguka Afrika, safari iliyompitisha Mbeya na Dar es Salaam, ambako alionana na Mwalimu Nyerere. Siku ile ya Howick ndiyo iliyouanza utumwa wake wa gerezani, ambao haukuisha hadi Februari 1990.

Mwaka 2012, miaka 50 baada ya kukamatwa huko, msanii Marco Cianfanelli alisimamisha nguzo 50 za chuma karibu na pale gari liliposimamishwa. Nguzo hizo zina kimo cha kati ya mita 6.5 na 9.5, na kingo zake zimekatwa kwa miinuko na mabonde yasiyoeleweka kwa anayezikaribia. Ukizitazama kwa ubavu ni nguzo tu, kama ua wa boma lililobomolewa. Lakini mgeni huongozwa na njia ya miguu, na anapofika umbali wa mita 35 hivi kutoka nguzo zilipo, kingo zote hizo zinaungana machoni pake na kuwa uso wa Mandela, ukitazama upande mmoja, paji, pua, midomo na kidevu. Akipiga hatua chache pembeni uso unachanika. Akirudi, unarudi.

Namna inavyofanya kazi haihitaji hesabu ngumu. Chukua mkate wa boflo uliokatwa vipande, kisha vipande hivyo uvisambaze mezani kwa kuviweka mbalimbali, kimoja mbele, kingine nyuma. Ukiviangalia kutoka juu ni vipande vilivyotawanyika. Ukiinama hadi jicho liwe usawa wa meza, ukafunga jicho moja na kusogea taratibu, utafika mahali ambapo vipande vinafunikana pembezoni na kuonekana mkate mzima. Jicho lililotulia sehemu moja haliwezi kwa urahisi kujua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Hupokea mwanga tu kutoka kila upande, na akili ndiyo inayounganisha. Cianfanelli aliugawa uso katika vipande, akakipa kila kipande nguzo yake, na kwa kuwa nguzo ziko mbalimbali, ni sehemu moja tu ya ardhi ambayo hesabu yote inakubali.

Mashabiki wa mpira wameshauona utaratibu huu pasipo kuujua. Yale matangazo ya kampuni yanayoonekana kwenye televisheni kama mabango yaliyosimama wima kando ya goli, mara nyingi ni mazulia yaliyolazwa chini. Herufi zake zimechorwa kwa kuvutwa na kupindwa kwa makusudi, ili kamera kuu iliyo jukwaani izione zimesimama. Kipa anayepita juu yake anaona maandishi marefu yaliyopotoka. Hakuna anayedanganywa kati yao. Kila mmoja anapata kile ambacho mahali pake panampa.

Hapo ndipo inapozuka hoja nzito, na inastahili kujibiwa kwa uzito. Kama kampuni ya kubashiri matokeo inaweza kulifanya jambo hilo kwa zulia, basi nguzo za Howick zina nini cha zaidi? Je, si kiinimacho tu, kama vile vya mazingaombwe ya shule ya msingi? Jibu langu ni kwamba mbinu ni ileile, ila mbinu siyo kazi. Zulia la matangazo linataka usijue kwamba umewekwa mahali. Linafanikiwa pale unapolisoma jina la kampuni bila kuwaza. Nguzo za Howick zinataka ujue. Zinakutembeza, zinakuonyesha uso, kisha zinakunyang'anya, ili uelewe kwamba kuona kwako kulitegemea hatua ulizopiga. Na zinafanya hivyo mahali ambapo historia yote ni ya kuonekana na kutoonekana. Hapa mtu aliyevaa mavazi ya dereva, aliyepita katikati ya watu kwa miezi mingi bila kutambuliwa, ndipo alipotambuliwa. Polisi walikuwa wamesimama mahali sahihi. Anayefika leo na kuupata uso ule anasimama, kwa namna fulani, katika nafasi ya aliyemkamata, na katika nafasi ya aliyemngoja pia. Chuma kinafanana na fito za gereza, na uso unatokea ndani yake. Ukizipeleka nguzo hizo katika bustani ya hoteli, uso utatokea vilevile kwa mita 35, lakini maana hiyo haitasafiri pamoja nazo.

Naomba niseme jambo kuhusu picha za simu, kwa sababu naamini ndizo zinazozaa nusu ya mkanganyiko huu. Picha ya Howick unayotumiwa karibu kila mara imepigwa kutoka ile sehemu moja ambapo uso umekamilika. Mpigaji ameshasimama kwa niaba yako, ameshatembea kwa niaba yako, na ameshachagua saa ya mwanga mzuri. Unachopokea ni jibu lililotenganishwa na swali. Ndiyo maana unaona ni ujanja. Sanamu ya kawaida hupoteza kidogo ikipigwa picha. Sanaa inayofungamana na mahali hupoteza kile kilichoifanya iwepo, yaani mwendo wa mtazamaji na kucheleweshwa kwake.

Wengine hudhani pia kwamba macho ni kama kamera, kwamba kilichopo ndicho kinachoonekana, na kwamba anayetuambia tufikirie namna tunavyoona anatafuta maneno tu. Ushahidi wa kinyume chake hauhitaji maabara. Mwezi mpevu ukichomoza juu ya bahari huonekana mkubwa ajabu, karibu uguse paa la jahazi, na saa chache baadaye, ukiwa juu angani, huonekana mdogo. Nyoosha mkono, uufunike kwa ncha ya kidole kidogo, mara ya kwanza ukiwa chini na mara ya pili ukiwa juu. Kidole kitaufunika kwa urahisi mara zote mbili, kwa kuwa upana wake machoni haukubadilika. Ukubwa ule wa kwanza ulitoka ndani mwako. Wasanii wa tawi hili wameamua kuifanyia kazi sehemu hiyo ya kuona inayotoka ndani yetu, badala ya kutuletea tu kitu kipya cha kuona.

Mwezi unatupeleka kwenye mfano mwingine, ulio mbali na kwetu lakini ulio rahisi kwetu kuuelewa kuliko kwa watu wengi. Kila mwaka Ramadhani inapokaribia kuingia au kuisha, waumini hutoka kuutafuta mwezi mwandamo, na kila mwaka huzuka mjadala: umeonekana wapi, na kuonekana kwake huko kunawahusu wa hapa? Mjadala huo una elimu kubwa ndani yake, kwamba mbingu moja haionekani sawa kutoka kila sehemu ya ardhi. Msanii wa Marekani Nancy Holt aliijenga kazi yake maarufu zaidi juu ya ukweli huo. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika jangwa la jimbo la Utah, aliyalaza mabomba manne makubwa ya zege, kila moja likiwa na urefu wa mita 5.5 hivi na upana wa kumtosha mtu mzima kusimama ndani, yakapangwa kwa umbo la herufi X.

Mpangilio huo una sababu. Jua halichomozi mahali palepale mwaka mzima. Husogea kaskazini hadi Juni, likageuka, likasogea kusini hadi Desemba, likageuka tena. Siku za mageuzi hayo mawili, ukisimama katikati ya X hiyo, jua huchomoza na kuzama likiwa limekaa ndani ya duara la bomba, kama jicho katika tundu la ufunguo. Zaidi ya hapo, kuta za juu za mabomba zimetobolewa matundu yanayofuata ramani ya nyota za makundi manne, ukubwa wa tundu ukilingana na mng'ao wa nyota. Mchana, jua hupenya matundu hayo na kuziandika nyota sakafuni, chini ya miguu ya mtu. Jangwa lililokuwa pana kupita kiasi, ambalo jicho lilikuwa halijui lianzie wapi, linapewa fremu.

Je, mabomba hayo yangeweza kuhamishiwa kwetu, tuseme Nanyuki, ambako Ikweta inapita? Zege lingefika salama. Lakini kule Utah, siku ya mageuzi ya Juni, jua huchomoza takriban nyuzi 32 kaskazini mwa mashariki, ilhali penye Ikweta halizidi nyuzi 23 na nusu hivi. X ileile ingekuwa imefumbua mno mikono yake, na jua lingechomoza nje ya bomba, pembeni. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa maana ya kufungamana na mahali. Si suala la hisia za msanii wala la maneno ya wahakiki; anga lenyewe lingeikataa kazi hiyo.

Kazi nyingine hazikutani na anga, hukutana na watu, na hapo mambo huwa magumu. Mwaka 1981, serikali kuu ya Marekani ilisimamisha katika uwanja wa ofisi zake huko Manhattan, New York, kazi ya Richard Serra iliyokuwa ukuta wa chuma chenye kutu, karibu mita 37 kwa urefu na zaidi ya mita 3.6 kwa kimo, uliopinda na kuinama kidogo, ukiukata uwanja kati. Serra alitaka mtu anayeuvuka uwanja ule ajitambue anauvuka. Kila hatua, ukuta ungeonekana umebadilika, na mwendo uliokuwa wa mazoea ungekuwa wa kutazama. Wafanyakazi wengi wa ofisi zile waliona kitu kingine: njia yao imezibwa, na mahali pao pa kula chakula cha mchana pamegawanywa. Mwaka 1985 kulifanyika kikao cha hadhara ambapo watu 180 walizungumza, 122 wakitaka ukuta ubaki na 58 wakitaka uondolewe. Jopo la watu watano likapendekeza kwa kura nne dhidi ya moja kwamba uondolewe. Serra alishikilia kwamba kuuhamisha ni kuuharibu, maana haukutengenezwa kwa ajili ya mahali pengine popote. Alishindwa mahakamani, na usiku wa tarehe 15 Machi 1989 ukuta ulikatwa vipande na kubebwa.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa watu wa kawaida dhidi ya msanii mwenye kiburi, au kama ushindi wa wajinga dhidi ya sanaa. Sikubaliani na simulizi zote mbili. Serra alikuwa sahihi kwamba kazi yake ingekufa ikiondolewa pale, na kweli ilikufa. Vipande vilivyobaki ni chuma tu. Lakini ukikubali kwamba mahali ni sehemu ya kazi, huna budi kukubali kwamba wanaopita pale kila asubuhi wakiwa na mikoba yao nao ni sehemu ya mahali. Hawawezi kuwa jambo la nje. Hilo ndilo deni la msanii wa tawi hili, na ni zito kuliko deni la kufanana, kwa sababu haliwezi kulipwa kwa ustadi wa mkono peke yake. Halmashauri zetu, zinapotangaza zabuni za mapambo ya mizunguko ya barabara, zingefanya vyema kuwauliza kwanza mama wa chakula na madereva wa bajaji wanaokaa pale, kuhusu jua linapochoma, maji yanapotuama na watu wanapopenda kusimama.

Si kila mara makutano hayo huwa ya uhasama. Mjini Chicago liko dude la chuma cha pua lililokamilishwa mwaka 2006 na Anish Kapoor. Jina lake rasmi ni Cloud Gate, yaani Lango la Wingu, ila wenyeji huliita Haragwe kwa umbo lake. Limeungwa kwa mabamba 168 yaliyosuguliwa hadi viungo vyake vikatoweka, na gharama yake, dola milioni 23, ilizua manung'uniko. Linafanya kile kinachofanywa na kijiko kipya: mgongo wake unakuonyesha ukiwa mdogo na dunia yote imejikunja nyuma yako, na tumbo lake, unapopita chini, linakuvuta na kukuzidisha. Jambo la kwanza ambalo karibu kila mtu hufanya anapolifikia ni kujitafuta. Watu hujinyooshea kidole, hupunga mkono waone ni yupi kati ya wale wadogo anayewajibu. Kufanana na nini? Linafanana na aliye mbele yake, pamoja na jiji lililo nyuma yake siku hiyo, mawingu yakiwemo.

Nimeacha hadi mwisho kisa kilichotokea karibu na sisi, kwa kuwa ndicho kinachoniuliza maswali magumu zaidi. Mwaka 2009 msanii wa Ufaransa anayejulikana kwa herufi mbili tu, JR, alifanya kazi Kibera, Nairobi, pamoja na wanawake wanaoishi pale. Picha kubwa za nyuso na macho yao zilitandazwa juu ya mapaa, jumla ya mita za mraba 2,000. Zilichapishwa kwenye kitambaa cha plastiki kisichopitisha maji, kwa hiyo masika yalipofika picha ilikuwa pia kinga ya bati lililotoboka. Wanawake wengi walikuwa na picha zao wenyewe juu ya nyumba zao wenyewe.

Hapa lazima tuulize nani amesimama wapi. Anayeishi chini ya paa halioni paa lake. Picha zile zilimwelekea aliye juu, kwenye tuta la reli, kwenye ndege, au kwenye setilaiti inayopiga picha za ramani. Kibera imetazamwa sana kutoka juu na kutoka nje, na wengi waliokuja na kamera waliondoka na walichokitaka. Ningeweza kuihesabu kazi hii katika orodha hiyo, lau si jambo moja: safari hii kilichotandazwa kilikuwa macho. Wahenga walisema macho hayana pazia, wakiwa na maana kwamba anayeona halaumiwi. Lakini macho yale ya mapaani nayo hayakuwa na pazia, na aliyezoea kuitazama Kibera bila kuiona alikuta naye anatazamwa, na wenye nyumba.

Sehemu ninayoipenda zaidi ya kazi ile ilikuwa ya reli. Njia ya zamani iendayo Kisumu inapita katikati ya Kibera, karibu sana na vibanda. Macho ya wanawake yalibandikwa ubavuni mwa mabehewa ya treni. Nusu za chini za nyuso zao, yaani pua, midomo na videvu, zilibandikwa kwenye mabati yaliyopangwa katika mteremko chini ya reli. Treni ilipopita, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, macho yaliyokuwa yakisafiri yaliikuta midomo iliyokuwa ikingoja, na nyuso zikakamilika. Aliyekuwa amesimama mahali pake, akiwa ameinua kichwa saa ile, aliziona. Aliyekuwa akihesabu chenji hakuziona, na hakuna aliyemlaumu, maana treni ingerudi. Ilipokwisha kupita na vumbi likatua, pale kwenye mteremko ilibaki midomo peke yake, baadhi ikitabasamu, na watoto wakashuka tena kucheza mbele yake.